Tela la Viti

1.

"Liuzwe," anasema mama kutoka ndani.

Tela liko uani. Gurudumu la kushoto linaning'inia juu ya jeki. Karibu, msomaji, kaa hapo kwenye tofali.

2.

Baba yangu, Ambakisye, alikodisha viti vya sherehe na misiba. Tulipomzika, tela lilibeba viti vya msiba wake mwenyewe. Wakati wa kuvirudisha, kwenye mteremko wa Kibwe, gurudumu likaanza kunguruma. Tela likaivuta pikapu yetu kushoto. Shangazi Tumpe, aliyekaa juu ya viti, akaliita jina la marehemu kaka yake kana kwamba angeweza kutushikia tela.

3. TANGAZO

Ofisi ya Kijiji inawatangazia wamiliki wote wa matela kuwa ni marufuku kushuka mteremko wa Kibwe na tela lenye breki mbovu. Litakalokamatwa litazuiwa papo hapo.

(Chini yake, kwa mkaa: *Na mtendaji naye akaguliwe breki.*)

4. Kilichosikika jikoni

"Wifi, matanga hayajapoa, unauza?"

"Nimeshazika mmoja. Unataka nimzike na Subilaga?"

Shangazi akafunika sufuria.

"Mwache mtoto alitengeneze. Likishindwa, mnunuzi nitamtafuta mimi."

"Basi lishuke Kibwe. Likinguruma tu, liende zake."

5. Mimi, Subilaga

Shika gurudumu juu na chini, tikisa. Linacheza. Zungusha. Linasaga kama lina mchanga. Fungua kifuniko: grisi imekuwa nyeupe kama uji. Baba alipenda kuliosha tela mtoni, akilizamisha mpaka kwenye ekseli. Sili, ule mpira unaozuia maji, imechanika. Beringi zimeungua hadi zimekuwa za buluu. Grisi imevujia kwenye breki. Na upande wa kulia, waya wa breki umeganda kwa kutu.

Siku ile tulishuka bila breki hata moja.

Ndani ya kifuniko, kwenye grisi iliyokauka, kuna alama ya kidole gumba. Kikubwa kuliko changu.

Grisi chafu haiachwi.

6.

Nikafuta.

7. Gurudumu linasema

Nimepewa beringi mpya, sili mpya, na grisi iliyoshindiliwa kwa kiganja mpaka ikatokea upande wa pili. Breki zimebadilishwa, waya pia. Kisha msichana akakaza nati kwa nguvu zote za woga wake.

Sizunguki.

8. Fundi Lwitiko, kwenye simu

"Umekaza mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho."

"Mpaka mbinguni!" anadakia shangazi.

"Legeza, binti. Ukilibana hivyo litaungua tena. Kaza huku unazungusha, rudisha nyuma kidogo, lizunguke kwa kidole. Ndipo upige pini ya kuizuia nati."

Mikono ilikataa.

Nikalegeza.

9.

Sikumwomba. Mama alitoka na kanga yake ya msiba, akapanda mbele ya pikapu, kando yangu, akafunga mlango.

"Leo mimi siketi juu ya viti," alisema shangazi. "Nina akili."

Kibwe.

Nakanyaga breki

        tela linasukuma

                waya unavuta

                        linashika.

Hakuna ngurumo. Nasikia viti tu, vikigongana kama watu wanaosalimiana.

10.

Chini ya mteremko mama alishuka, akaweka kiganja katikati ya gurudumu la kushoto. Akakiacha hapo.

"Lina joto," alisema. "Joto la kawaida."

Mfukoni mwake simu ya baba ikaanza kuita. Tangu msiba huiacha ilie mpaka ichoke.

Akapokea.

"Ambakisye hayupo. Ongea na mimi, mke wake." Akasikiliza, akaliegemea tela. "Eeh. Harusi. Na bibi harusi ni mtoto wa nani?"