Sala Ndefu ya Shemasi Kambere

Muuza mbao anayeogopa kelele za mbao ni kichekesho, na Shemasi Kambere alikuwa wa kwanza kujicheka. Tangu familia yake ikimbie mauaji ya Beni na kuja Butembo, ubao ukidondoka dukani kwake, mtaa wa Mususa, yeye na kitambi chake huwa chini ya meza kabla vumbi halijatua. Huwaambia wateja kwamba anatafuta misumari.

Nyumbani hakukuwa na la kuchekesha. Usingizi ulimhama, hasira ikapanga chumba pale pale. Jioni moja mwanawe Ariel aliangusha kifuniko cha sufuria. Kambere akampiga mpaka mkewe, Kaswera, akaingia kati.

“Uende kwa psychologue,” Kaswera alisema, “ao mimi na batoto tunarudia Beni. Afazali niogope batu benye sijue, kuliko kuogopa bwana yangu.”

Ndoa ngapi za watu Kambere alikuwa amezipatanisha! Lakini mganga hajigangi. Kwa akili yake, ofisi ya psychologue, mtabibu wa nafsi, ilikuwa ya watu wanaovua nguo sokoni. Akaenda hivyo hivyo, kofia imeshuka hadi puani. Psychologue, mwanamke kijana aitwaye Aurélie, akamkaribisha kiti.

“Tuanze na sala,” Kambere akawahi.

Hapo hakuna aliyemuweza. Kanisani akisimama kuomba, akina mama huyaaga maharagwe yao jikoni. Angeijaza saa nzima, kisha angemwambia Kaswera kwamba ametibiwa.

Akafumba macho. Akaombea serikali, askari, barabara, wajane, mbuzi wa wajane. Hapo bingwa wa maneno akaishiwa.

“Na umukumbuke ndugu yetu moja, Bwana. Halale. Mutoto wake akisikia mulango inafunguka, anaacha kucheka.” Akaivua kofia. “Ule mutoto ni Ariel, Bwana. Ananiogopa mimi. Nilimukimbiza mbali na batu babaya, lakini…”

Akaitafuta amina, akaikosa.

“Papa shemasi,” Aurélie akasema taratibu, “hapana kufunga sala bado. Niko nasikia.”

“Niko wazimu?”

“Hapana. Usingizi ikikataa, na batu ya nyumba bakianza kukuogopa, ni saa ya kuja. Na umekuja.”

Kambere akafumbua macho. Akaanza kusimulia ile siku ya mauaji kule Beni, ambayo alikuwa hajaisimulia hata kwa Mungu.