Hodi kwa Shirika

Usiku wa jana niliota nimo ndani ya saibapanki, zile hadithi za kesho iliyochakaa ninazozipenda kuliko chakula. Mji wetu wa Tanga umepanda juu hadi matangazo yanabandikwa mawinguni. Mvua ya zambarau inanyesha. Mkono wangu wa kushoto ni wa chuma, na unalalamika.

"Nitie mafuta, bwana," unasema. "Baridi hii si ya mchezo."

Mji wote ni mali ya Shirika, na Shirika limechukua vicheko vya watu. Shangazi Mwanahawa, aliyenilea, hajacheka tangu tulipomzika mumewe mwezi wa Rajabu. Ndotoni sababu iko wazi: kicheko chake kimefungiwa kwenye ghala la Shirika. Iliniuma kweli. Utotoni kicheko hicho ndicho kilichokuwa kikiniamsha asubuhi.

Sheria ya miji ya saibapanki inajulikana: mnyonge huingia kwa mkubwa kupitia waya. Hiyo ndiyo raha yake, na ndiyo inayonirudisha kwenye hadithi hizi kila mara. Basi nikajikunja, nikaingia kwenye soketi, mkono ukinitukana njia nzima. Waya ukatutema mbele ya ukuta mweusi usio na mlango. Shangazi ameshafika, kanga imemlowa, anautazama.

Mkono ukajaribu nywila zote. Ukapiga ngumi. Ukuta kimya.

"Mmepiga hodi?" akauliza shangazi.

"Shangazi, huu ni mtambo. Mtambo huvamiwa, haupigiwi hodi."

"Ndiyo maana ukuta umenuna. Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Ukuta ukaguna. Hodi ya tatu isipojibiwa, mgeni huenda zake na mwenye nyumba hubaki na aibu. Mtambo nao ulilijua hilo.

"Hodi wenyewe!"

"Karibuni," ukuta ukasema harakaharaka, ukafunguka. "Mnisamehe, nyumba haijafagiwa. Tangu nijengwe sijapata mgeni, napata wavamizi tu. Mtatumia nini?"

"Kicheko changu, mwanangu," akasema shangazi, akakaa. "Kama hakijapoa."

Kikaletwa kwenye sahani, kimefunikwa kawa. Shangazi akafunua, akacheka. Taa za mji mzima zikacheza, na mkono wangu ukacheka mpaka skrubu zikalegea. Mimi nililia kwa furaha, mbele ya Shirika, bila haya.

Tulipoaga, ukuta ukasema si adabu kumwacha mgeni aende peke yake. Ukang'oka, ukatusindikiza.

Nikaamka. Kumekucha, mkono wangu ni nyama, nje kukavu. Mara nikasikia kicheko uani, kilekile. Nikanyata hadi dirishani, sikuthubutu hata kukohoa.

Shangazi alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua, anaongea na mtu nisiyemwona.

"Rudi sasa, mwanangu," alikuwa akisema. "Umesindikiza vya kutosha. Nyumba umemwachia nani?"