Kanzu ya Buluu Vichochoroni Fez

"Mlango ni wako, Lalla Zhor. Mimi unanisingizia nini?"

"Mlango ni wangu, lakini punda ni wa nani? Nimefungua nimfukuze punda wako, Sidi Larbi, aliyejikita hapa kichochoroni na mizigo yake kama bwana harusi. Nisingefungua, mzee asingetoka."

"Kwa hiyo punda ndiye kampoteza mzee."

"Punda na mwenyewe."

Majirani walishajazana, wengine unga bado uko mikononi, maana ugomvi wa hawa wawili haukosi watazamaji. Katikati yao alisimama Mareme, asijue amlaumu nani. Aliyepotea ni baba yake. Walitoka Kaolack, Senegali, kuja kuzuru zawia ya tarika yao, wakapanga chumba kwa Lalla Zhor. Mzee Meisa akili yake siku hizi inatoka na kurudi ipendavyo. Kiarabu chake ni cha kusalia tu, na jina la mtaa hajui. Alasiri ilishapita. Maduka yakishafungwa, mji ule kwa mgeni ni kuta tupu.

"Na wewe acha kututolea macho," Lalla Zhor alimgeukia. "Teremka. Hapa aliyepotea huteremka tu, miguu yenyewe humpeleka. Na usiulize mzee mweusi, wageni wenu wa zawia wamejaa. Uliza kanzu."

Mareme alijua njia moja tu: nyumbani hadi zawia, kupitia kwa muuza asali. Alipolipita lile bomba la maji la kona, alikuwa kama kipofu. Alimuuliza muuza viungo kwa Kiarabu chake cha madrasa, kile kilichowachekesha watu kila siku.

"Kanzu ya buluu, pana kama hema? Kapita. Kanisalimia vizuri kuliko wanangu."

"Kaelekea wapi?"

"Chini."

Kwa washona makubazi, fundi mmoja hakuinua hata sindano. "Huyo? Kapapasa ngozi zangu zote, kazitoa kasoro, kaenda zake. Ni nani kwani?"

"Aliuza ngozi maisha yake yote."

"Basi nimemsamehe."

Nyumbu akaja na shehena ya ngozi mbichi, mwenyewe anapiga kelele za kutaka njia, Mareme akajibana ukutani, maji ya ngozi yakamchuruzikia begani. Kwa wafua shaba sauti yake haikusikika kabisa. Watu wawili walimwonyesha njia mbili, kisha wakaanza kubishana wao kwa wao. Akashika ya kushoto. Ikaishia ukutani. Akarudi, akakuta bomba la maji. Lile lile, au ndugu yake? Milango ya maduka ilianza kufungwa, mmoja, mwingine. Aliwasikia kaka zake wa Kaolack kana kwamba wamesimama nyuma yake: ulikwenda na baba, umeturudishia nini?

Akaingia kichochoro chembamba mno, kuta zikimgusa mabega. Juu yake dirisha likafunguka, mwanamke akachungulia.

"Wewe, bibi! Kama umekuja matangani, ni ule mlango ulio wazi."

"Nimempoteza baba yangu, mama."

"Na wao wamempoteza wa kwao. Ingia."

Kisomo kilikuwa ndiyo kwanza kimekwisha. Wanaume walikuwa wameketi kwenye magodoro kuzunguka ua, na mahali pa heshima, mito mgongoni, alikaa Mzee Meisa na kanzu yake ya buluu, akizungumza Kiwolofu. Wazee wa Fez walikuwa wakiitikia kwa vichwa kila neno.

Mareme alianza kumwendea. Kijana mwenye macho mekundu akamjia, mtoto wa marehemu, jina lake Abdelhak.

"Wewe ni binti yake? Karibuni sana. Baba aliuza viatu Dakar miaka mingi kabla hatujazaliwa. Alikuwa akisema rafiki zake wa kule hawatakosa matanga yake. Sisi tulikuwa tunamcheka." Akajipangusa uso. "Anasema nini kuhusu baba? Tufasirie."

Ua mzima ukamgeukia. Hofu ile aliyodhani imekwisha ikarudi kwa mlango mwingine. Angeweza kusema lolote. Nani pale angejua? Alimtazama Abdelhak, akashindwa.

"Anazungumzia ngozi za mbuzi, kaka," alisema. "Kwamba zikinunuliwa wakati wa mvua huoza. Baba yako hakumjua. Alipotea njia, akasikia Kurani, akaona mlango uko wazi. Kwetu mlango ukiwa wazi mtu huingia. Tusameheni, tunaondoka."

Mzee mmoja aliweka glasi yake ya chai chini. Mzee Meisa, hana habari, aliendelea na ngozi zake.

Pazia la chumba cha wanawake likasogea. Alitokea mjane, amevaa nyeupe ya eda tangu kichwani hadi miguuni, uso umemvimba kwa kulia.

"Ngozi za mbuzi?"

"Ndiyo, mama."

"Marehemu naye hakuwa na mazungumzo mengine."

Mtu fulani alicheka, akaziba mdomo. Mjane hakumjali. Alimtazama Mareme bega lililolowa, viatu vilivyojaa matope.

"Leo siku ya tatu napokea watu waliomjua, na wote wana haraka. Huyu hakumjua, na amekaa." Akaliinua pazia. "Njoo huku kwa wanawake, mwanangu, unawe mikono. Kuskusi inapoa. Baba yako mwache, bado hajamaliza."