Magurudumu ya Gari la Bluu

Gurudumu lilitupita upande wangu. Lilitoka bila haraka, likatangulia mbele ya gari kama mbwa aliyefunguliwa kamba, likaruka mtaro na kupotelea kwenye misonobari. Nakumbuka nilijiuliza: gurudumu la nani hilo? Nikapata na muda wa kumsikitikia huyo mwenyewe. Halafu gari likainama upande wangu, chuma kikakwaruza barafu, na msitu ukaanza kutuzunguka.

Mama hakupiga kelele. Aliondoa mguu kwenye mafuta, hakugusa breki, akaliacha gari liteleze lenyewe mpaka likajichomeka kwenye ukingo wa theluji. Injini ikazima. Lori la magogo lililokuwa linatoka upande wa pili likapita likipiga honi, upepo wake ukatutikisa. Kama gari lingezungukia kushoto, kwenye njia ya lori, badala ya kulia, hadithi hii angekuwa anaisimulia kaka yangu, na angeisimulia vibaya.

"Mzima, Outi?" Mama akauliza.

"Mzima."

"Nilidhani yatafika mjini Kittilä."

Meno yalikuwa yananigongana, kwa hiyo ilinichukua muda kusikia alichosema. Nikageuka. Kofia yake ya sufu ilikuwa imemkaa upande, na mikono yake ilikuwa bado imeng'ang'ania usukani.

"Nini kingefika?"

"Matairi," akasema.

Kwetu, baridi ya kwanza ikishika, kila ua unalia jeki. Kila gari lina seti zake mbili za magurudumu, ya kiangazi na ya misumari ya kushika barafu, na Jumamosi ya kubadilisha ndiyo siku kijiji kinapopima nani bado ni nani. Anayechelewa hutaniwa mpaka Krismasi. Baba yangu, Arvi, hakuwahi kuchelewa. Aliendesha malori ya magogo maisha yake yote, na kwa mambo ya matairi hakuwa na mpinzani upande wetu wa mto. Hata macho yalipodhoofika akaacha kuendesha, majirani waliendelea kumpelekea magari yao, naye aliendelea kuwafokea.

Vuli ile kaka yangu Jouko, anayeishi Helsinki na kujua kila kitu kwa njia ya simu, alikuwa ameshikilia kwamba wazee wahamishiwe kwenye nyumba ya uangalizi mjini. Baba alikuwa ameanza kusahau. Alisahau jiko la sauna, chumba chetu cha mvuke, likiwaka. Alimwandalia kahawa dada yake, ambaye tulimzika zamani. Mimi niliwatetea. Tulibishana mpaka tukafika mapatano: niende nikakae nao juma la matairi. Baba akichagua magurudumu mwenyewe na kuyafunga mwenyewe, Jouko atanyamaza. Akishindwa, nyumba inauzwa. Mama aliyajua mapatano hayo. Baba hakuambiwa.

Matairi ya misumari ya kile kigari chekundu cha Mama yalikuwa yamekwisha, misumari imebaki vidoa tu. Jumamosi asubuhi Baba aliyatazama mara moja, akaguna, akaenda kwenye banda la kuni. Alirudi akibingirisha gurudumu zuri, tairi jeusi, misumari yote mahali pake. Akapitisha kidole gumba ubavuni mwa tairi, pale namba zilipochongwa, akanitajia ukubwa wote bila kusoma: upana, kimo, na rimu ya kukalia. Nikachutama nikasoma. Alikuwa sahihi. Nikaenda nikasoma na lile lililokuwa kwenye gari. Namba ni zilezile. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

"Unanikagua?" akaniuliza.

"Najifunza tu, Baba."

"Jifunze. Gari dogo usilivishe buti la baba yake. Tairi pana huelea juu ya theluji, likakupeleka linakotaka lenyewe. Jembamba hukata mpaka chini likashika. Mumeo analijua hilo?"

"Sina mume, Baba."

"Ndiyo maana," akasema, tukacheka wote wawili.

Akapiga jeki. Niila, jirani yetu mfuga kulungu wa kaskazini, akapita na gari lake la mizigo, akapunga mkono na kuuliza kama foleni ni ndefu. Mama akatoka na kahawa na mikate ya iliki. Alisimama juu ya ngazi akiyatazama magurudumu yaliyolazwa kwenye theluji.

"Arvi," akasema, "haya si ya..."

"Si ya nini?"

"Si ya kuchafulia suruali mpya. Njoo unywe kahawa."

Baba alipomaliza alipigapiga boneti kwa kiganja. "Gari hili halijawahi kuniangusha hata siku moja," akasema. Gari lenyewe tulikuwa tumelinunua majira ya kuchipua yaliyopita. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyefurahia kazi yake. Nikampigia Jouko simu huku najidai, naye akasema haya, amenyamaza.

Sasa nilikuwa nimekaa kwenye gari lililolala upande, na Mama alikuwa ananieleza mambo ambayo masikio yangu yaliyakataa.

"Yale ni ya lile gari la bluu," akasema. "Lile tuliloliuza. Mpira ni uleule, ila matundu ya nati yanapishana kidogo, unene wa ukucha tu. Zinaingia, lakini hazikai. Nimeyasikia yanagonga tangu juzi."

"Tangu juzi!"

"Asubuhi hii nimezikaza tena mwenyewe kabla hamjaamka. Nilitaka tufike kwa fundi mjini, ninunue yanayofaa, turudi. Asijue."

"Mama, tungekufa!"

"Najua."

"Kwa nini hukuniambia?"

Ndipo akanitazama. "Ungemwambia Jouko."

Gurudumu kuchomoka naweza kulielewa, chuma ni chuma. Lakini huyu ni mama aliyenikataza kunyonya barafu ya kwenye paa, aliyenifunga skafu mpaka nikakosa pumzi, na hata sasa nina mvi huniuliza kama nimevaa soksi mbili. Mama huyohuyo alikuwa ameweka uhai wangu upande mmoja na uso wa mume wake upande wa pili, akawaza, kisha akanifungulia mlango wa gari niingie. Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote. Na nilijua kwamba amesema kweli. Ningemwambia Jouko.

Niila ndiye aliyetukuta. Alizunguka gari letu akiwa mikono mfukoni.

"Lempi," akamwambia Mama, "siku hizi unaendesha na matatu tu? Maisha yamepanda hivyo?"

"Kamata kamba uache maneno," Mama akamjibu.

Aliingia msituni theluji ikimfika magotini, akarudi na gurudumu begani. Akaliangalia, akamwangalia Mama, na hakutania tena. Alipandisha gari letu kwenye tela lake, tukarudi nyumbani watatu tumebanana kiti cha mbele.

Baba alikuwa uani na koleo. Alipoona tela akaja mbio, mbio zile za mtu mwenye magoti mabovu. Alinishika uso, akamshika Mama uso, akahakikisha tuko wazima. Kisha akaliendea gurudumu. Aliingiza kidole kwenye tundu la nati, ambalo sasa lilikuwa limetanuka na kuchanika. Hakuhitaji hata kuvaa miwani.

"Hili ni la gari la bluu," akasema.

Tulisimama kama tumepigwa shoka.

"Nani kafunga la bluu kwenye jekundu? Matundu hayalingani! Watu walitaka kufa hapa!" Sauti ilikuwa ileile iliyowatetemesha makuli wa magogo. "Mjinga gani kafanya kazi hii?"

Niila akaangalia buti zake. Jumamosi alimwona Baba kwa macho yake akiyafunga. Mimi nilimtazama Baba usoni nikitafuta chochote, mzaha au aibu, hata ujanja wa mzee anayetaka kujinasua. Hakukuwa na kitu. Kulikuwa na hasira safi ya fundi aliyekuta kazi mbovu. Alilijua gurudumu lile lote, isipokuwa mikono iliyolifunga.

"Mimi," Mama akasema.

"Wewe?"

"Mimi. Niliona ukubwa ni uleule, nikadhani yatafaa."

Hasira ikamwisha palepale. Akaliacha koleo lianguke.

"Lempi, Lempi. Ungeniita."

"Ulikuwa umelala."

"Ungeniamsha! Maisha yote haya unalala na mimi kitanda kimoja, hujui kwamba ukubwa wa mpira si kila kitu?" Akamshika mkono, akamvua glavu, akamwingiza kidole kwenye tundu, kisha akampeleka mpaka kwenye gari akamgusisha pale nati zinapoingia. "Unaona? Yanapishana. Kidogo tu, lakini barabara haisamehe kidogo."

"Naona," Mama akasema. Aliinama akachungulia kama mtu anayeonyeshwa kwa mara ya kwanza.

Jioni Jouko akapiga simu, na Baba ndiye aliyeipokea. "Umesikia alichofanya mama yako?" Akamsimulia yote, na alipofika kwenye gurudumu lililotupita akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaninyooshea simu.

"Outi," Jouko akasema, "nani alifunga yale magurudumu?"

Mama alikuwa jikoni, amenipa mgongo, anakoroga supu ya samaki. Mwiko ukasimama.

"Mama," nikasema.

Mwiko ukaendelea.

Waliishi pale miaka kadhaa zaidi, na kila vuli Mama alijipeleka kwa fundi akidai kwamba Arvi ndiye aliyemtuma. Nyumba iliuzwa baadaye sana, Baba aliposhindwa kujua mlango wa kwenda chooni. Alisahau malori. Alisahau mto. Mwishoni aliniita kwa jina la dada yake, nami nikaitika. Lakini theluji ilipoanza kuanguka nje ya dirisha la nyumba ya uangalizi, alikuwa akimshika mkono muuguzi yeyote aliye karibu na kumwonyesha Mama.

"Mwone huyu. Huyu alifunga magurudumu ya gari la bluu kwenye gari jekundu. Nusura amuue mtoto wetu."

"Ni kweli, Arvi," Mama alikuwa akisema, huku akimmenyea chungwa. "Nilikosea."

Na Baba alikuwa akimwinamia muuguzi, sauti chini, ili Mama asisikie.

"Nilishamsamehe," akasema.