Shuka za Thelma

Thelma Cotterill alikubali kwenda Bustani ya Hollin kwa sababu moja tu: Nesta, wifi yake, akishika jambo haachi.

"Mwaka mzima wazee wa bustani wanatualika," Nesta alisema akiegesha gari. "Na mwaka mzima wewe unaumwa kichwa."

"Kichwa ni changu, wifi."

Ukweli ni kwamba Thelma aliionea wivu ile bustani kama mke mwenza. Mumewe, Wilf, alipostaafu kazi ya posta, badala ya kutulia nyumbani alijiunga na wazee wenzake wa kujitolea. Kila Alhamisi, iwe mvua iwe jua, alikwenda kufyeka vichaka vilivyoimeza bustani ya mabwana wa zamani. Alirudi na tope hadi masikioni, na furaha ambayo Thelma hakuwahi kuiona akiwa naye jikoni. Kisha Wilf akafariki, na swali likabaki kumkaba mkewe: alikuwa anaifuata bustani, au alikuwa anamkimbia yeye?

Walitembea polepole. Ziwa, ambalo Thelma alilijua tangu utotoni kama kinamasi cha vyura, sasa lilikuwa na maji na bata. Kondoo walionekana kama wanakula majani mlangoni pa jumba la mabwana, maana ukuta wa kuwazuia ulifichwa ndani ya mtaro usiouona mpaka uwe ukingoni. Nesta aliuona akiwa amebakiza hatua moja.

"Kaka yangu alitumbukia humu," alisema, akimshika mwenzake mkono. "Akasema ni fahali kamkimbiza."

"Mimi aliniambia ni mbwa."

Wakacheka. Thelma alikuwa hajacheka habari za Wilf tangu mazishi, na alishangaa kwamba haikuuma.

Desmond, mkubwa wa kikosi cha Alhamisi, aliwapokea akiwa na sweta lililotoboka viwiko. Aliwapandisha kilimani hadi kwenye kibanda cheupe cha nguzo, akamsogeza Thelma katikati kabisa. Mbele yao miti ilikuwa imeachana. Ng'ambo ya bonde ulisimama mnara wa kanisa, na ubavuni mwake nyumba ndogo yenye mlango wa kijani, na kamba tupu uani.

"Ile ni kwangu," Thelma alisema.

"Ndiyo. Siku tulipoangusha kichaka cha mwisho, sisi wote tuliona kanisa. Wilf aliona kamba yako. Akasema, 'Thelma kaanika shuka. Hakuna mvua leo, pigeni kazi.' Na kweli haikunyesha."

"Uongo huo."

"Muulize yeyote. Tangu siku ile utabiri wa hewa wa redioni hatukuusikiliza tena. Ukianua, tunakimbilia bandani. Na yeye shingo yake huko huko kutwa, mpaka tukawa tunamtania. 'Kaanika blauzi ya bluu,' anasema. 'Ile anaivaa akiwa na furaha. Leo nawahi nyumbani.'"

Thelma alitafuta pa kukaa. Nesta akamsogezea benchi.

"Umetuepusha na mvua nyingi, Bi Thelma," Desmond aliendelea, "na hatujawahi kukushukuru. Ndiyo maana tulikuwa tunakualika."

"Na sasa mnafanyaje?"

"Sasa tunalowa tu."

Tangu afiwe, Thelma alikuwa akikausha nguo ndani. Aliona nguo za mtu mmoja hazina haja ya kamba. Sasa machozi yalimtoka, naye hakuyaficha. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Wilf kwa kila jani alilofyeka, akamshukuru hata Nesta, ingawa hilo hakulitamka.

"Kichwa kinauma?" Nesta aliuliza.

"Nyamaza, wifi. Nenda katununulie keki."

Alhamisi iliyofuata Thelma aliamka hana nguo chafu hata moja. Akatoa shuka safi kabatini, akazilowesha, akazikamua na kuzianika uani, na pembeni akaitundika blauzi ya bluu. Kisha akakaa dirishani na chai yake. Kabla hajaimaliza, wingu jeusi lilichungulia nyuma ya kanisa. Aliacha kikombe mezani, akatoka mbio kuanua, maana ng'ambo kule kulikuwa na watu wanaomtegemea.