Barua Zilizofungiwa Kwenye Kibao

Siku Mama alipostaafu uuguzi, nilikwenda kumbebea boksi la vitu alivyotoa kwenye kabati lake la wodini. Tulipofika nyumbani nikaanza kuvipanga mezani: viatu vyeupe vilivyolika visigino, miwani mitatu, saa ya kubandika kifuani. Chini kabisa, ndani ya soksi, nikakuta kibao.

"Mama! Hiki si ulikitupa?"

"Nani kakwambia? Nilisema nimekiondoa. Wewe ulikuwa kila ukikiona unalia."

Baba alikuwa kwenye kochi akisoma gazeti. Alilishusha, akakitazama kibao, akalipandisha tena haraka.

"Takataka hiyo," alisema. "Kawapeni wauza vyuma chakavu."

Kibao kilikuwa kompyuta ya mkononi yenye ukubwa wa kiganja, na kalamu yake ya plastiki ubavuni. Baba alikinunua kwa fundi mmoja wa ishara za reli aliyekuwa anahama. Wakati huo yeye alikuwa dereva wa treni ya mizigo na Mama muuguzi wa zamu, wakawa wanapishana kama jua na mwezi. Vikaratasi walivyoachiana mezani mimi nilivikunja mashua. Ndipo kibao kikatundikwa jikoni, ndani ya kimfuko cha kitambaa, na wakawa wanaandikiana humo.

Mama aliandika kama anavyosema. "Chai iko kwenye chupa. Mtoto ana jino linalocheza, usije ukaling'oa kwa uzi wako." Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Alichora treni, na kila behewa lilikuwa saa moja ya kumngoja. Nikitoka shule nilivuta kiti, nikapanda, nikafuta mabehewa kwa kadiri ya saa zilizopita. Siku moja nikafuta treni nzima, nikidhani atafika mapema. Hakufika, na Mama akakosa kujua amngoje saa ngapi. Wakaweka nywila.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilibahatisha nywila mara kumi, na mara ya kumi kibao kikajifunga. Maandishi kwenye kioo yakasema mwenye mali aombe namba kwa kampuni iliyokitengeneza. Kampuni yenyewe ilikuwa imeshafunga milango. Baba aliandika barua mbili, hakuna aliyejibu. Hakuna aliyenigombeza pia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Watu wakiniuliza kwa nini nilisomea ufundi wa kompyuta huwa nawapa majibu ya heshima. Ukweli ni huo.

Jumatatu nikamwonyesha picha ya kibao mwenzangu wa karakana, ambaye tunamwita Waya kwa wembamba wake.

"Kukifungua ni rahisi," alisema. "Njia imejaa mtandaoni. Ila inafuta kila kitu."

"Kitupu nikifanyie nini?"

"Basi itabidi uwe ruti."

Kibao kile ndani kilikuwa na mfumo endeshi wa Linux, na kwenye mashine za Linux yupo mtumiaji mmoja mwenye mamlaka yote. Mafundi tunamwita ruti. Ruti haombi ruhusa, anaingia chumba chochote bila kupiga hodi. Kazi ilikuwa kuifanya mashine iamini kuwa mimi ndiye huyo, kabla haijapata nafasi ya kuuliza nywila.

Mama alikataa kibao kisitoke nyumbani. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi nikabeba vifaa vyangu, nikatandika gazeti kwenye meza ya kulia na kufungua skrubu nne za mgongoni. Betri ilikuwa imevimba kama mto. Niliitoa taratibu, nikakipa kibao umeme kutoka kwenye kisanduku changu. Pembeni mwa bodi kulikuwa na vidoa vitatu vya shaba, vidogo kama mbegu za nyanya. Nikalehemu nyaya tatu, nikaziunganisha na kompyuta yangu.

"Usiniharibie," Mama alisema. Alikuwa amesimama nyuma yangu, pumzi yake naisikia shingoni.

"Mama, kaa basi. Unanitetemesha mkono."

Kibao kikiwashwa kilingoja sekunde mbili tu. Ndani ya sekunde hizo ilibidi nibonyeze kitufe ili kisiendelee na safari yake ya kawaida. Mara ya kwanza nilichelewa. Mara ya pili nikawahi mno. Mara ya tatu kikasimama, nami nikabadilisha mstari mmoja: badala ya kwenda kwenye kioo cha nywila, kiende moja kwa moja kwenye sehemu ya amri. Maandishi yakashuka mbio, yakakoma. Chini kabisa ikabaki alama moja, #, kama kipande cha reli na mataruma yake.

"Alama ya reli!" nilipiga kelele. "Nimeingia!"

"Reli gani tena?" Baba aliuliza kutoka kwenye kochi. Alikuwa ukurasa uleule tangu nianze.

"Ndiyo alama ya ruti, Baba. Nimeshakuwa bosi wa kibao."

Sikugusa kitu kabla ya kunakili. Maandiko yalikuwa mia sita na kumi na mawili. Nilipoyafungua kwenye kompyuta yangu, Mama alivaa miwani akaanza kusoma kwa sauti. Chai iko kwenye chupa. Mwenye nyumba kapita. Mtoto kasema treni yako ina mafua, kaisikia ikipiga chafya. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Mimi nikawa natazama mabehewa, mengine nusu yamefutwa, na nikaikumbuka harufu ya dizeli kwenye koti la Baba.

Baba akainuka. "Nakwenda dukani mara moja."

"Dukani kuna nini? Kaa, mzee. Hili la mwisho hata sikuliona, ni la siku ileile kibao kilipojifunga." Akasoma: "Mke wangu. Leo wameniita ofisini. Wamenipa treni ya abiria, tuhamie makao makuu. Nimekataa. Kule hospitali haina nafasi yako, na wewe wodi hii umeihangaikia miaka sita. Usinigombeze. Nikirudi nitakueleza."

Mama alivua miwani.

"Uliniambia wamempa mtu mwingine."

"Si walimpa?" Baba alijitia hamnazo, lakini sauti ilimponyoka. "Nilipokataa mimi, wakampa mwingine."

"Na mimi nikamchukia mkuu wa stesheni, nikidhani ndiye aliyekunyima! Nikamnyima salamu miaka yote! Harusini kwa binti yake nimekaa nimempa kisogo!"

"Niliona."

"Uliona ukanyamaza?"

Baba akakaa kwenye kiti kando yake. "Nilirudi safari nzima nikipanga maneno. Nikafika, nikakuta kibao kimefungwa na mtoto analia. Nikasema basi, Mungu kanisitiri." Akanigeukia. "Wewe siku ile ulinisaidia."

"Baba! Nimebeba lawama hii tangu darasa la tatu!"

"Hukuniuliza," alisema, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Nisamehe, mwanangu."

Nilichukua bisibisi, nikajifanya natafuta skrubu.

Jumamosi iliyofuata Mama alivaa vizuri, akamburuta Baba mpaka kwa mkuu wa stesheni, naye kastaafu siku nyingi. Mimi ndiye niliyewapeleka. Mama alimwomba radhi akiwa bado mlangoni. Mzee wa watu alimsikiliza mpaka mwisho, amepigwa na butwaa.

"Shemeji," alisema, "mimi nilidhani una matatizo ya macho. Hata mke wangu nilikuwa namwambia, muuguzi yule haoni mbali, maskini."

Tulikaa pale mpaka alasiri. Tulipotoka, wazazi wangu walitangulia kwenda kwenye gari polepole, nikawasikia.

"Ungeniambia," Mama alisema, "ningekubali tuhame."

"Najua," Baba alisema. "Ndiyo maana sikukuambia."

Mama alimshika mkono, wakavuka barabara.