Jogoo Mwenye Pilipili Mdomoni

Jogoo alikaa katikati ya meza, mzima, amechemshwa, pilipili nyekundu mdomoni. Kwa Wakorea wa Yanji, upande wa Uchina, mzazi akitimiza miaka sabini huketi nyuma ya meza hiyo, wanawe wakamwinamia na kummiminia pombe ya mchele. Bi Bongnyo aliketi. Watoto anao wawili, na chumbani hakuwamo hata mmoja.

Choljun yuko Japani, anachomelea vyuma. Mihwa yuko Korea, anaogesha wazee wa watu. Wazee wa watu, jamani!

Na aliyewazuia ni mama mwenyewe. Kila mmoja aliomba ruhusa kazini, akaambiwa akienda asirudi. Basi Bi Bongnyo akampigia Choljun: "Usije, baba, dada yako anakuja." Akampigia na Mihwa: "Tulia na kazi yako, mama, kaka yako anakuja." Moyoni aliomba mmoja tu ambishie. Hakubisha mtu.

Kwenye televisheni mawaziri wa Uchina, Japani na Korea walikuwa wakipeana mikono. Bidhaa, walisema, zitapita nchi zote tatu bila kikwazo.

"Hee, wamechelewa!" alisema jirani yake, Bi Kumsil. "Nyumba hii imeanza zamani. Dawa ya magoti ya Japani, jiko la wali la Korea, meza ya Uchina. Waliokosekana ni watu tu." Akacheka, kisha akamtazama mwenzake usoni, akazima televisheni.

Simu ikalia. Choljun.

"Mama, hongera! Mihwa yuko wapi nimsalimu?"

"Katoka kununua mchuzi wa soya."

"Mwambie ainame mara mbili basi. Moja yangu."

Hajakaa sawa, Mihwa naye akapiga. "Kaka ameshainama?"

"Ameinama, mwanangu. Paji la uso limegusa sakafu."

"Mwambie ainame tena, kwa ajili yangu." Akaongeza: "Mwakani nitakuja mwenyewe, mama."

Bi Bongnyo aliweka simu kando ya jogoo.

"Muongo mkubwa wewe," alisema Bi Kumsil. "Waambie ukweli!"

"Wafukuzwe?"

Bi Kumsil akashika ukuta, akainuka, magoti yakimlalamikia, akasimama mbele ya meza na kuanza kuinama.

"Keti, dada," alisema Bi Bongnyo, machozi yakimdondoka juu ya koti jipya la hariri. "Wewe sikukuzaa mimi."